Shangazi anataka niache dawa za figo nitibu sainasi kwanza, mdogo wangu hataki niziguse

Shikamoo Anti,

Naomba usiandike jina langu kwasababu mdogo wangu wa kiume anaisoma sana hii safu yako, na yeye ndo nusu ya hili jambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar na mume wangu. Mwaka juzi nilipandikizwa figo hapa hapa nchini na aliyenipa ni huyo mdogo wangu. Natumia dawa za kushusha kinga ili figo isikataliwe, takrolimusi asubuhi na jioni, mikofenoleti na prednisoloni kidogo, na vidonge vya presha, na baada ya upandikizaji sukari nayo ikapanda kwahiyo na ya sukari nameza. Ila namshukuru Mungu kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inafanyaje kazi, mpaka mara ya mwisho ilikuwa nzuri.

Sasa tangu masika ianze nina mafua ambayo hayaishi. Mwanzo yalikuwa ya maji maji tu, watoto nao walikuwa nayo, wao wakapona mimi yakageuka yakawa mazito ya njano yanaelekea kijani, tena upande wa kushoto tu, shavu linauma, nikisujudu naona kama uso unataka kupasuka, meno ya juu upande huo huo yananivuta, na kuna harufu mbaya naisikia mwenyewe puani. Chakula hakina ladha kabisa. Sasa hivi ni wiki ya tano. Homa sina.

Nikaenda kwa daktari wa masikio pua na koo, akaniangalia akasema ni sainasi, yaani uvimbe kwenye vishimo vilivyo ndani ya mifupa ya uso, kinga yako iko chini kwa hizo dawa, nenda kaongee na watu wa figo waone kama watapunguza, afu upige CT scan ndo urudi kwangu. Nikapiga simu kliniki ya figo nikasema nina mafua hayaishi, nikaambiwa subiri tarehe yako, na tarehe yangu bado mwezi na zaidi.

Mume wangu hakutaka kusubiri, akaenda duka la dawa akarudi na antibayotiki ya klarithromaisini, diklofenaki ya maumivu na vidonge vya mafua, muuzaji kamwambia hiyo ndo kali kuliko zote. Nimeviweka kabatini sijavigusa, yeye kakasirika anasema nalia maumivu kila usiku na dawa imo ndani.

Shangazi yangu ndo aliyetulea baada ya mama kufariki, neno lake nyumbani ni zito. Yeye anasema hizo dawa za kushusha kinga ndo zinazonimaliza, niziache wiki mbili tu mwili upate nguvu ya kupigana, nipige nyungu na ninywe mlonge na kitunguu swaumu. Anapiga simu kila jioni kuuliza nimeanza au bado.

Mdogo wangu ndo kabisa. Nilimgusia tu kwamba nina mafua na daktari katamka kupunguza dawa, akaniambia dada usithubutu kupunguza hata kidonge kimoja, mimi figo ya kukupa nyingine sina. Tangu siku hiyo simwambii kitu, nikiongea naye sauti ya puani nasema ni vumbi.

Anti ninachoogopa ni hiki, nikienda wakapunguza dawa figo ikakataliwa, nitamwambia nini mtoto wa mama yangu? Na nisipopunguza, hii kitu ikipanda kichwani je? Hiyo CT scan nayo nasikia dawa wanayokuchoma inaharibu figo. Kwa sasa naosha tu pua na maji ya chumvi kama jirani alivyonifundisha, natumia ya tanki. Nianzie wapi?

Mama wa wawili, Dar


ANTI ANAJIBU:

Marahaba mwanangu, pole sana, na pole nyingine ya hiyo siri unayoibeba kwenye simu, maana naona hiyo inakuumiza sawasawa na hilo shavu.

Kama nimekuelewa vizuri, una ugonjwa mmoja lakini una watu wanne wanaokuvuta, shangazi anasema acha dawa, mdogo wako anasema usiguse, mume anasema meza za kabatini, daktari wa pua anasema nenda kwa wa figo, na wa figo hajui kinachoendelea kwasababu alichosikia ni neno mafua tu. Umebaki wewe mgonjwa ndo unapeleka na kurudisha ujumbe kati ya madaktari wawili ambao hawajawahi kuongea, na huo si mzigo wako. Mimi nimekuwa nesi wodini kabla ya kuanza kuandika hapa, kuamua dozi yako si kazi yangu na sitaigusa, lakini nataka tulitazame hili jambo taratibu, maana kuna vitu umeviandika kama vile vimeshathibitishwa na mi sina uhakika kama viko hivyo.

Kabla ya hapo naomba usome hili mara mbili na mumeo asome. Ukiona jicho limevimba au limesogea mbele, unaona vitu viwili viwili au macho yamefifia, shavu au mdomo umekufa ganzi, kuna doa jeusi ndani ya pua au kwenye kaakaa, kichwa kinauma kwa namna ambayo hujawahi kuisikia, shingo imekakamaa, homa imepanda au umeanza kuchanganyikiwa, hapo hakuna kusubiri tarehe wala asubuhi, ni hospitali kubwa saa hiyo hiyo na useme mlangoni kwamba umepandikizwa figo. Sikutishi. Kwa mtu anayetumia dawa kama zako, hasa akiwa na sukari, kuna fangasi wanaoweza kuingia kwenye sainasi na kula tishu kwa siku chache sana, ndo wale waliosumbua India mwaka 2021 wakati wa korona, wengi waliougua walikuwa na sukari au walikuwa wametibiwa kwa dawa za jamii ya hiyo prednisoloni yako. Ni ugonjwa adimu na ulivyojieleza sioni dalili zake, lakini ukiwahiwa mapema ndo unatibika, kwahiyo bora uzijue dalili. Na sukari yako uwe unaipima siku hizi, maambukizi yenyewe huipandisha.

Umeandika homa sina, nikaona umeitegemea kidogo. Prednisoloni na wenzake hufunika homa, maana homa ni kazi ya kinga yenyewe, kinga ikishushwa mtu anaweza kuwa na usaha umejaa na kipimajoto kinaonyesha kawaida. Kwahiyo kukosa homa kwako hakutuambii mengi, wiki tano ndo zinatuambia zaidi. Mafua ya virusi kwa kawaida huanza kupungua ndani ya siku 7 mpaka 10, yakipita hapo au yakipungua halafu yakarudi kwa nguvu ndo madaktari huanza kufikiria bakteria, na kwa mtu wa aina yako wanatakiwa kufikiria mapema kuliko kwa jirani yako.

Sasa kitu kilichonifanya nisome barua yako tena. Shangazi, na hata daktari wa pua, wamekubaliana kwamba kosa ni la dawa za figo. Inawezekana zina mchango, sikatai. Lakini wewe umesema upande mmoja tu, harufu mbaya, meno ya juu upande huo huo. Mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na sakafu ya sainasi ya shavuni, kwa watu wengine ni mfupa mwembamba tu unaotenganisha, jino likioza kwenye mzizi au lililozibwa likiharibika kwa chini, usaha unapanda juu na unaleta sainasi ya upande mmoja inayonuka vile vile kama unavyoeleza. Na sainasi nayo yenyewe inaweza kufanya meno yaume, ndo maana siwezi kukwambia kipi kimeanza. Je, ni jino moja linalouma ukiligonga na kijiko au yote ya upande huo? Uliwahi kuziba gego la juu? Kuna mtu yeyote amekuangalia kinywani? Maana kama chanzo ni jino, utapunguza dawa za figo, utameza antibayotiki, itatulia wiki mbili na itarudi kwasababu jino bado liko pale pale, na wewe utakuwa umeihatarisha figo ya mdogo wako kwa kosa la gego.

Kuhusu za kabatini, uliposita kuzimeza ulikuwa sahihi kabisa, na mumeo alizinunua kwa upendo na wala sio kosa lake. Tangu Muhimbili wapandikize figo ya kwanza mwaka 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, watu kama wewe mmekuwa wengi mitaani, zamani ilikuwa mpaka India, lakini maduka yetu ya dawa bado hayajazoea kuuliza mteja amepandikizwa au la. Klarithromaisini inazuia ini lisiivunje takrolimusi, kwahiyo dozi ile ile unayomeza kila siku inajikusanya kwenye damu mpaka inakuwa sumu kwa figo, mikono inatetemeka, kichwa kinauma, kreatinini inapanda. Erithromaisini ni hivyo hivyo na flukonazoli ya fangasi pia, na rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume chake, inaishusha takrolimusi mpaka figo inabaki bila ulinzi. Haimaanishi dawa hizo haziwezi kutumika kamwe, daktari akizihitaji anabadilisha dozi na kupima damu mara kwa mara, tatizo ni kuzimeza kimya kimya. Diklofenaki na brufeni zinabana damu inayoingia kwenye figo, na kwako takrolimusi tayari inabana, sasa ukiziweka pamoja ni hatari maradufu. Vidonge vingi vya mafua vina dawa za kuzibua pua zinazopandisha presha. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo chake ndo inayopendekezwa zaidi kwa watu wa figo, na ikiwa haitoshi hiyo nayo ni habari ya kumpelekea daktari.

Ukiniuliza basi antibayotiki ipi, mara nyingi madaktari huanza na amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki kwasababu haigombani na takrolimusi kama hizo nyingine, ila kwako wewe baada ya wiki tano nisingeshangaa wakitaka kwanza kuchukua usaha wenyewe puani wakauotesha maabara wajue ni mdudu gani. Ukipewa chaguo hilo usione wanakuchelewesha. Wanaweza pia kukuandikia dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, nayo ni ya jamii ya prednisoloni, najua utaogopa kuongeza juu ya uliyonayo, lakini ya kupuliza inayoingia kwenye damu ni kidogo sana, kwahiyo isikatae kabla hujauliza. Kusafisha kwa kamera kupitia puani kupo pia kama dawa zikishindwa, bado hujafika huko.

Sasa shangazi. Mwanangu, shangazi hajaongea upuuzi, na naomba usimjibu kama mtu asiyejua kitu. Ni kweli dawa hizo zinashusha kinga, na ni kweli wataalamu wa figo wakati mwingine, maambukizi yakiwa makali, hupunguza au kusimamisha kwa muda mojawapo, mara nyingi ile mikofenoleti, huku wakipima damu. Tofauti ya kwao na ya shangazi ni kwamba wao wanachagua ipi, kiasi gani, siku ngapi, na wanaiona kreatinini inavyokwenda. Kuziacha zote wiki mbili nyumbani ni jambo jingine kabisa. Figo ikianza kukataliwa mara nyingi haiumi, hutasikia kitu, utakuja kuona kwenye kipimo wakati imeshaharibika. Na prednisoloni ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea, mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake yenyewe, presha inaweza kuanguka ukazimia, hiyo ni hatari hata kama figo isingekuwepo. Nyungu inakupa nafuu ya dakika chache ila haitoi usaha uliojaa ndani ya mfupa, na nimeona watoto na watu wazima walioungua kwa maji ya nyungu, wewe ukiungua kidonda chako kitachelewa kupona. Kitunguu swaumu cha kwenye mboga kula tu, lakini hizo juisi za majani za kunywa kwa vikombe ziulizie kwanza, mimea mingine inagusa kiwango cha takrolimusi, ndo sababu ile ile uliyokatazwa balungi. Pengine shangazi angetulia kama angeenda na wewe kliniki siku moja akamuuliza daktari mwenyewe, wazee wetu wengi wanakataa dawa ambayo hakuna mtu aliyewahi kukaa akawaelezea.

CT scan, hapo naona umeogopeshwa bure kidogo. Ya sainasi mara nyingi hufanyika bila kuchomwa dawa yoyote mshipani, hiyo dawa huongezwa pale wanapohofia ugonjwa umeenda kwenye jicho au ubongo. Uliza tu kabla, sema nina figo moja ya kupandikizwa, je hii ni ya kuchoma dawa au ya kawaida. Na kipimo hicho kitaonyesha mizizi ya meno pia, kwahiyo kinaweza kujibu maswali mawili kwa mara moja.

Kuosha pua na maji ya chumvi ni jambo zuri, endelea, lakini sio maji ya tanki wala ya bomba wala kisima. Yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi, yaache yapoe kwenye chombo kilichofunikwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita, na chupa unayotumia uisafishe na ikauke. Kuna ameba wanaoishi kwenye maji, ukiyanywa hawakufanyi kitu, ila wakipandishwa juu puani wanaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra mno, ila Karachi kule Pakistan wameshakufa watu kwa njia hiyo wakiwemo waliokuwa wanatia udhu, na nakutajia kwasababu umesema unasujudu. Kwenye udhu kupandisha maji puani kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu pwani tunayafuata ni sunna, sheikh wako anaweza kukuelekeza vizuri zaidi mgonjwa afanyeje, wengine huweka kibirika cha maji yaliyochemshwa kwa ajili ya pua tu.

Uliuliza uanzie wapi. Naziona njia tatu na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuanza na CT scan kama daktari wa pua alivyosema, utakuwa na picha mkononi, lakini wiki inapotea kama hakuna atakayeisoma akiwa anajua unatumia nini. Unaweza kwenda kwa daktari wa meno, ni rahisi na karibu, ila asiling'oe jino wala kukuandikia kitu bila watu wa figo kujua. Au unaweza kwenda kliniki ya figo bila kusubiri tarehe, na hapa nadhani simu yako ya kwanza haikupewa nafasi yake, mtu anayepokea simu akisikia mafua anasema subiri, na mimi ningekuwa pale pengine ningesema hivyo hivyo. Jaribu kusema hivi: nimepandikizwa figo, natumia takrolimusi na sukari ninayo, nina maambukizi ya sainasi ya upande mmoja wiki ya tano, daktari wa pua anataka dozi iangaliwe. Ukienda, nenda asubuhi hujameza takrolimusi, ubebe kidonge mkononi, kiwango chake kinapimwa kabla ya dozi, ukishatolewa damu ndo umeze. Beba na vile vya kabatini wavione. Na umuombe daktari wa pua akuandikie karatasi, na kama inawezekana waongee wao kwa wao kwenye simu ukiwa umekaa pale, ili wewe utoke katikati. Mimi moyo wangu unaelekea huko, lakini unayejua nauli, foleni na hali ya uso wako ni wewe, usiku mmoja mbaya unaweza kubadilisha mpangilio wote.

Nimebaki na mdogo wako. Umeandika nitamwambia nini mtoto wa mama yangu, nikasimama hapo. Hivi yeye alikwambia ukipoteza figo atakulaumu, au alisema sina nyingine ya kukupa? Kwasababu mimi nikiisoma ile sentensi yake nasikia mtu anayeogopa kukuzika kama mlivyomzika mama, sisikii mtu anayedai chake. Naweza kuwa nakosea, wewe unamjua. Alichokupa kimeshakuwa chako, kiko ndani ya mwili wako na maamuzi yake ni yako na madaktari wako, lakini hofu yake bado ni yake na haiondoki kwa kuambiwa ni vumbi, siku atakayojua ukweli ukiwa umelazwa itamuuma zaidi. Ukimwambia sasa, kuna uwezekano akapiga simu kila saa na kukuchosha, hilo nalo ni la kweli, na kama huna nguvu nalo wiki hii unaweza kusubiri mpaka umeonwa kliniki ili ukimpigia uwe na la kumwambia. Wengine wangemchukua kabisa aende nao, akae asikie kwa masikio yake kwamba kupunguza chini ya uangalizi na kuacha ni vitu viwili tofauti. Labda hata yeye na shangazi siku hiyo hiyo, chumba kimoja, maana hao wawili wanagombana kupitia masikio yako.

Ukishaangaliwa hilo gego niandikie, nataka kujua walisema nini.

Anti